Flashi Iliyokwenda Imejaa

Mama yangu alinifundisha kusoma kwa henzirani. Chuo chake cha Kurani kilikuwa barazani kwetu, Kiongoroni, kule delta ya Rufiji inapomalizikia baharini, na mwanafunzi aliyeonja fimbo kuliko wenzake wote nilikuwa mimi, binti wa mwalimu. Kosa langu lilikuwa moja tu: pupa. Nikishaona herufi mbili za mwanzo wa neno, nakisia zilizobaki na kusonga mbele. Mara nyingi nilipatia, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Hujasoma," alikuwa akiniambia. "Umebahatisha."

Alasiri, Kurani ikishafungwa, wasichana tulibaki kuimba kasida. Nyingi alizitunga mwenyewe kwa Kiswahili, akaziandika kwa herufi za Kiarabu katika daftari la shule, pamoja na irabu zake zote, zile alama ndogo za juu na chini ya herufi zinazomwambia msomaji kama aseme ba, bi au bu. Mwaka mmoja maji ya bamvua yalipanda mpaka ndani ya nyumba yakaingia sandukuni. Daftari lilianikwa juani likapona, ila kurasa zilijikunja na wino ukatapakaa.

Daftari hilo ndilo lililonifikia Kibiti miaka mingi baadaye, limefungwa ndani ya kipande cha kanga, pamoja na ujumbe wa mdomo kutoka kwa jirani aliyeleta kamba wakavu sokoni. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali moja huko kusini ilikuwa imekubali kumpasua, lakini yeye alikuwa na sharti lake. Nimchapie kasida zake ziwe kitabu, na azisome mwenyewe kwanza, mwanzo hadi mwisho, kabla hajaguswa na kisu. Wakimkata na macho yakakataa kufunguka, awe ameshaona kwamba kilichobaki kwa wanafunzi wake ni sahihi. Hakutaka kusomewa na mtu. Nilijua kwa nini: mtu wa kumsomea ningekuwa mimi, naye alishajua ninavyosoma.

Wakati huo nilikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda kusini. Ilikuwa miaka ile ambayo milango ya nchi ilikuwa wazi, na vitu vingi vilituingilia vikiwa vimeshatumiwa na wengine: mashati, friji, magari, na mwisho kompyuta. Yangu ilikuwa kubwa, ya kukaa mezani, na ubavuni ilikuwa na kibandiko cha shule fulani ya Ulaya. Ilipofika ilikuwa imejaa virusi. Aliyeisafisha ni rafiki yangu niliyesoma naye kozi ya kompyuta Dar es Salaam, mwanamke wa Mafia aliyekuwa akiendesha duka la intaneti Kariakoo. Alifuta kila kilichokuwamo akaipandia mfumo wa Linux.

"Haiuzwi, haina virusi, na haina huruma," aliniambia. "Ukiiamuru ifanye upuuzi, inafanya."

Niliipenda upesi. Iliniwezesha kuandika herufi za Kiarabu bila kununua kitu chochote. Nilikata vikaratasi vidogo, nikaandika alifu, bee, tee, nikavibandika kwa gundi juu ya vitufe vya kibodi, na wateja wakawa wananiuliza kama kompyuta yangu imesilimu. Kuzichapa kasida kulinichukua mwezi mzima, nikidokoa muda kati ya barua za kuomba kazi na mihtasari ya vikao vya kijiji. Nilikuwa na furaha sana mwezi ule. Nilikuwa nikiandika huku naimba peke yangu, na mara mbili nilijikuta nimeimba mbele ya mteja.

Mahali pamoja tu palinikwamisha. Katika kasida ya kusoma, ubeti wa tatu, maji yalikuwa yameula mstari mzima. Juu yake ilibaki hii miwili:

Herufi ukiisoma, usiipite haraka,
kaa nayo kama mama, na mwana aliyechoka,

Kisha doa la rangi ya chai, kisha mstari wa kufungia:

Ya Rabi tupe salama, nuru isiyofichika.

Niliimba ule ubeti mara kumi nikitumaini ulimi utakumbuka wenyewe, ukakataa. Kiongoroni simu haikuwa ikishika, kwa hiyo kumuuliza mama kulikuwa ni kumngoja mama. Ningeweza kuacha nafasi. Badala yake, mchana mmoja duka likiwa tupu, nilitunga mstari wangu nikaupachika pale penye doa. Nikautazama, ukanipendeza, nikaenda ukurasa wa pili bila kuweka hata alama ya kuonyesha kwamba si wake.

Tatizo la kompyuta lilijitokeza nilipokuza maandishi. Kwa macho ya mama, neno moja lilitakiwa kujaza nusu ya kioo. Katika ukubwa wa kawaida kila kitu kilikuwa safi, lakini nikikuza, irabu zinahama. Ya bee inakwenda kukalia tee, ya chini inapanda juu. Mwalimu wa Kurani akiona vile angefunga safari arudi kwake. Nikampigia rafiki yangu wa Kariakoo. Aliniambia kasoro hiyo inajulikana, imeshatengenezwa katika toleo jipya, lakini toleo jipya halikai juu ya Linux ya zamani. Itabidi nipandishe mfumo wote. Alinitumia sidii yenye mfumo huo mpya kwa basi la asubuhi, ndani ya bahasha aliyomkabidhi kondakta, na saa saba mchana nilikuwa nayo mkononi.

Mama alikuwa afike kesho yake. Nilisema nimalize leo, akija akute mambo tayari. Nikaitia sidii, mashine ikaanza kuniuliza maswali, nami nikawa najibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Swali la mwisho lilikuwa refu. Lilisema kitu juu ya vifurushi kadhaa vitakavyoondolewa na vingine visivyopatikana, kisha likauliza kama niendelee. Nilisoma maneno mawili ya mwanzo na mawili ya mwisho. Mimi na subira hatukutoka tumbo moja. Nikabonyeza ndiyo.

Ilifanya kazi kwa nusu saa, ikajizima, ikajiwasha, na haikuniletea picha wala rangi. Iliniletea kioo cheusi chenye mistari ya maandishi meupe na kialama kimoja kinachopepesa. Nilikaa mbele yake mpaka chai yangu ikapoa.

Mama alifika kesho yake adhuhuri. Alikuwa ametoka delta kwa boti ya injini mpaka Nyamisati, akapanda gari hadi Bungu, akabadilisha gari jingine mpaka Kibiti, na njia nzima alishikwa mkono na watu asiowajua. Nilimpa shikamoo, akanipapasa uso kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hata maji hakutaka kwanza.

"Kiko wapi kitabu?"

"Kimo humu, mama. Ila mashine imelala."

Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Mbona jicho moja lapepesa? Hiyo haijalala, imezimia." Akajiegemeza nyuma. "Mie nina siku saba. Jumatatu ijayo nalazwa. Sikukimbizi, nakwambia tu."

Nilimweleza kwamba kitabu hakijapotea, na ilikuwa kweli. Jina lake nilikuwa naliona katika orodha kwenye kile kioo cheusi. Lakini mle katika weusi Kiarabu hakikujulikana. Ukifungua kitabu unamwagiwa alama za kuuliza ukurasa mzima. Printa nayo ilikuwa imekufa pamoja na programu zake. Kompyuta nyingine nilizozijua Kibiti hazikuwa zimefundishwa herufi zile, na Dar, ambako rafiki yangu angeweza kutusaidia, ilikuwa upande wa pili kabisa na hospitali. Mama alisema hawezi kukata njia mara mbili na macho hayo.

Basi nikaanza kutafuta ugonjwa. Linux huja kwa vifurushi. Kila programu ni kifurushi, na kila kifurushi kina wenzake ambao bila wao hakikubali kukaa. Mimi nilikuwa nimefukuza vya zamani, na vipya vikawa vinasubiriana: huyu anamtaka yule, yule anamtaka wa tatu, na wa tatu hayumo kwenye sidii. Nikiamuru viingie, nilipewa orodha ya vinavyokosekana. Nilichukua karatasi nikanakili majina yote kwa mkono, arobaini na moja, mengine yakiwa marefu, yamejaa namba na vistari. Safari hii sikukisia hata herufi moja. Rafiki yangu akasema nimpelekee orodha hiyo pamoja na flashi, yeye atavishusha kutoka kwenye intaneti anijazie.

Hapa ndipo malezi yaliponiponza. Kwetu, chombo cha watu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea futari kwenye bakuli, bakuli linarudi na ndizi au embe, hata na fungu la kisamvu kama huna kingine. Nilikua nikitumwa na mabakuli hayo, na nilijua kabla sijajua kuhesabu kwamba kuyafikisha matupu ni kumwaibisha mama. Sasa nimwombe mwenzangu kazi ya siku nzima, halafu nimpelekee flashi haina kitu ndani? Mkono mtupu haulambwi. Nilikuwa na sauti za maulidi ya wanawake wa Kibiti nilizorekodi mwenyewe, na picha za shughuli ile, watu na kanga zao. Kuzinakili kupitia kile kioo cheusi, bila kipanya, kwa amri za kuandika moja moja, kulinitoa jasho. Nikaziba bahasha, nikampa kondakta, nikarudi dukani nimeridhika na tabia yangu njema.

Siku ya tatu flashi ilirudi. Mama alikuwa amekaa uani nyuma ya duka, anasuka ukili wa mkeka. Kazi hiyo haikuhitaji macho. Vidole vyake vilikuwa vinajiendea. Nikachomeka flashi, nikatoa amri, nikaona majina yanapita kwa wingi, moyo ukanichanua. Halafu yakasimama. Vifurushi ishirini na tisa vilikuwa vimeingia. Kumi na viwili havikuonekana, na bila hivyo kumi na viwili vile vingine vilikataa kuamka. Nilipekua flashi jina kwa jina. Kweli havikuwemo.

Nikapiga simu Kariakoo nikiwa nimesimama.

"Shoga, nilikuandikia arobaini na moja! Huko kwenu Mafia mnahesabu vipi?"

"Ngoja nikwambie," alisema, "wewe ulinitilia..."

"Nilikutilia orodha! Kwa mkono wangu! Mama yangu yuko hapa anangoja, Jumatatu anapasuliwa macho, wewe unanitumia nusu!"

"Si ndiyo nataka kukwambia..."

Salio likakata. Hata lisingekata, sidhani kama ningemsikiliza. Nilitupa simu juu ya meza nikasema maneno ambayo si ya kuandikwa, kisha nikakumbuka uani kuna mwalimu wa Kurani.

"Wewe mwana," mama aliita, "hebu njoo. Wagombana na nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa kirefu, nikijipendelea kila nilipopata nafasi. Akaniuliza hivyo vitu vilivyopungua huwa vinasafirishwa ndani ya nini. Nikaichomoa flashi nikamwekea kiganjani. Aliigeuzageuza kwa vidole.

"Kijitu hiki? Chajaa hiki?"

"Kinajaa, mama. Kila kitu hujaa."

"Na wewe ulimpelekea kina nini ndani?"

"Maulidi ya wanawake wa hapa, na picha," nikasema kwa majivuno kidogo. "Sikukipeleka kitupu. Si ndivyo ulivyonilea?"

Mama aliacha ukili. Alianza kucheka taratibu, kicheko kikamzidi, mpaka akafuta yale macho yake mabovu kwa upindo wa kanga.

"Mie nilikufundisha kurudisha, mwanangu. Nani alikufundisha kuomba? Ukienda kwa jirani kuomba moto, wapeleka kifuu kitupu. Ukimpelekea kifuu kimejaa, hayo makaa ayatie wapi?"

Nilirudi dukani kwa mwendo wa mtu aliyemwagiwa maji. Kuna amri moja fupi ya kuuliza chombo kina nafasi kiasi gani, amri ya kwanza kabisa tuliyofundishwa kwenye kozi. Nilikuwa nimehesabu vifurushi, nimehesabu majina, nimemhesabia mwenzangu makosa, nafasi sikuiuliza. Niliiuliza sasa. Ikanijibu kwamba flashi imejaa, asilimia mia, na sehemu kubwa ya kilichoijaza ilikuwa ni maulidi yangu.

Nikanunua vocha, nikapiga tena.

"Nimekosa," nikasema kabla hajatia neno. "Flashi ilikuwa imejaa."

"Ilikuwa imejaa," alisema. Aliniacha nikae na aibu kidogo, haki yake. "Niliona umenitilia maulidi. Nikasema, mwenzangu huyu ana utu, kaniletea zawadi. Zawadi ya mtu nitaifutaje? Nikatia vilivyoenea, nikasema vilivyobaki nitamwambia akipiga. Ukapiga ukanitukania kisiwa."

"Niwie radhi, shoga."

"Nimeshakuwia. Na maulidi yenyewe nimeyasikiliza dukani siku mbili, wateja wanayapenda. Sasa nisikilize. Leta flashi haina kitu. Haina kitu kabisa, unanisikia?"

Nikaifuta. Naapa ilinisumbua kuifunga ile flashi tupu ndani ya bahasha; mikono ilikuwa inatafuta cha kuongeza. Mama alihisi hata bila kuniona. Akanyanyuka, akapapasa ndani ya kikapu chake, akatoa kifurushi cha kamba wakavu alichokuja nacho.

"Mpe kondakta na hawa," alisema. "Kamba hawaingii ndani ya kile kijitu."

Flashi ilirudi Jumamosi saa nane mchana. Saa nane na robo umeme ulikatika. Umeme wa Kibiti siku zile ulikuwa na tabia ya mgeni asiyejua kuaga, na ukiondoka hujui utarudi lini. Uliporudi ilikuwa Jumapili asubuhi, tunakunywa chai, na Jumatatu alfajiri mama alikuwa na gari la kupanda. Niliacha kikombe nusu.

Vile vifurushi kumi na viwili vilikuwepo vyote. Nilitoa amri, na mashine, kabla ya kuanza, ikaniuliza lile swali lake refu la mwisho. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha ndiyo. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, magoti yanagusana, na nikasikia ameacha kuvuta pumzi, au labda ni mimi. Nikarudisha mkono. Nikalisoma swali lote kwa sauti, neno kwa neno, kwa Kiingereza ambacho yeye hakukijua, nikifuata mstari kwa kidole. Vifurushi vingapi vitaingia, vingapi vitatoka, nafasi kiasi gani itatumika, niendelee au nisiendelee.

"Umesoma?" mama aliuliza.

"Nimesoma."

"Haya."

Ilichukua dakika arobaini. Ilijizima ikajiwasha, kioo kikakaa cheusi kidogo, halafu rangi zikaja, na nilipiga vigelegele peke yangu mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akachungulia kuuliza nani kaolewa. Nikafungua kitabu, nikakuza. Bee ilikuwa na irabu yake, tee na yake, kila moja mahali pake. Nilikuza mpaka neno moja likajaza kioo na hakikuhama chochote. Mama alisogeza kiti mbele, akainama, midomo ikaanza kutikisika.

Alisoma siku nzima. Yeye alikuwa msomaji, mimi mfunua kurasa. Akisema "endelea" nasogeza, akinyamaza nangoja. Wateja wachache waliokuja niliwaambia warudi kesho. Alikuwa akipumzisha macho kila baada ya kasida mbili, anayafunika kwa viganja, kisha anaanza pale pale alipoishia. Makosa yangu aliyakuta, saba, na kila moja alilitaja kwa sauti ileile ya barazani. Nikayasahihisha hapohapo mbele yake. Sijawahi kukosolewa nikafurahi kama Jumapili ile.

Ile kasida ya kusoma tuliifikia baada ya alasiri, na hapo furaha yangu ikaingia baridi. Ubeti wa kwanza, endelea. Wa pili, endelea. Wa tatu akasoma mistari miwili ya juu, akaufikia wangu. Akausoma. Akarudi akausoma tena, taratibu.

Hata jicho likizima, moyoni itaamka.

"Huu si wangu," alisema.

"Wako uliliwa na maji, mama. Palibaki doa. Nikakisia." Nikaweka vidole kwenye kibodi. "Useme ulivyokuwa, niuandike sasa hivi, haitachukua dakika."

Nilimwona anatazama kioo, au upande wa kioo, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuweza kujua kama anaona.

"Kuza kidogo," alisema.

Nikakuza. Sasa kioo kilibeba neno moja moja, nami nikawa namsogezea. Hata. Jicho. Likizima. Alikaa juu ya kila herufi kwa namna alivyonitaka mimi nikae, utoto wangu wote, nisikae.

"Irabu ziko sawa," alisema mwishowe. "Endelea."

Tulimaliza magharibi ikikaribia. Alinyoosha mgongo, akaomba maji ya kutawadhia, na alfajiri nikampeleka kwenye gari.

Jicho la kulia lilirudi vizuri. La kushoto linaona watu kama vivuli, naye anasema jicho moja latosha kumwona mwanafunzi mvivu. Kitabu nilikichapa, nikakitolea fotokopi, nikazibana kwa pini. Sidii ya rafiki yangu niliirudisha Kariakoo, na hiyo, kwa kuwa ilikuwa inarudi, sikuipeleka peke yake: niliifunga pamoja na kitabu kimoja. Vingine vyote nilivipeleka Kiongoroni mwenyewe, ndani ya mfuko wa nailoni mara mbili kwa kuogopa maji.

Alasiri hiyo wasichana walikaa barazani, kila mmoja na kitabu chake kipya, wanavinusa kwanza kabla ya kuvifungua. Mama alikaa mbele, henzirani magotini. Yeye hakuchukua kitabu. Kasida zake alikuwa nazo kichwani tangu kabla wasichana wale hawajazaliwa, na aliziongoza kwa kumbukumbu, sauti yake ikitangulia ya wenzake kidogo. Mimi nilikaa nyuma kabisa, mahali pangu pa zamani. Ilipofika kasida ya kusoma niliacha kuimba. Nilitaka kuusikia ule mstari wa kweli, ule ulioliwa na maji, kwa sababu nilijua kichwani mwake haukuwa umelowa.

Ubeti wa tatu ukaja. Mama alikuwa amefumba macho yote mawili. Akaimba mstari wangu, bila kusita, herufi kwa herufi, na wasichana wakamfuata.

Ule wa kwanza sijausikia mpaka leo, na sijamuuliza.